Disketi za Marehemu

Tanga, 14 Novemba 1994

Shemeji Justa,

Pole tena. Najua umechoka kuisikia, lakini sina neno jingine la kuanzia. Matanga yameanuliwa huko Chome nami sikuwepo, na hilo linanikera mpaka leo. Siku ile nilikuwa ofisini kwa wenye shamba wapya, nimevaa tai ya kuazima, najibu maswali kama mtoto wa shule.

Habari ndiyo hii. Shamba la mkonge la Lukonde limeuzwa. Serikali imenawa mikono, mnunuzi ni kampuni ya watu binafsi, na meneja wao, Bwana Amiri, hana mchezo. Kompyuta za zamani anazitupa zote. Analeta mpya, na anataka ile programu yetu ya mahudhurio ya wakata mkonge iwekwe upya tangu mwanzo, kabla Januari haijaisha. Tukishindwa, ananunua ya Nairobi. Tukiweza, anatupa mkataba, mimi nikiwa huku Tanga na wewe hukohuko Same.

Sasa unajua tulivyojipanga tangu shirika lilipotupunguza kazi sote watatu kwa mpigo. Kila mmoja aliandika vipande vyake na kuvitunza mwenyewe: mimi vya kuchapa ripoti, wewe vya kalenda na zamu, na mumeo Anderson vile vya msingi ambavyo vya kwetu vyote vinaviita. Tukakubaliana hakuna kunakili cha mwenzako mpaka sote tumeridhia. Anderson alisema ndivyo msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, unavyokwenda, kila mtu anakuja na jembe lake. Bila vipande vyake, vya kwetu havifanyi lolote. Na kompyuta ya ofisi yetu iliungua umeme uliporudi baada ya mgao, kwa hiyo hakuna pengine pa kutafuta ila kwenye disketi zake.

Zipo kwenye lile boksi la viatu juu ya kabati. Nitumie zote kwa basi, na zako pia. Msalimie mtoto.

Ni mimi shemeji yako,
Hamdani


Same, 25 Novemba 1994

Shemeji Hamdani,

Barua imefika na nimefurahi. Usicheke, lakini nimeisoma nikiwa nimesimama palepale posta, na yule mama wa stempu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nikueleze kwa nini nimefurahi. Fanueli, kaka yake Anderson, alikuja wiki iliyopita, akakaa sebuleni, akaangalia dari, akagonga ukuta kwa kidole. Hii nyumba tuliijenga mimi na Anderson kwa mishahara yetu wote wawili, wewe shahidi, ulitusaidia hata kubeba mabati. Lakini kiwanja kimeandikwa jina la Anderson peke yake. Fanueli ameniambia waziwazi kwamba mjane mwenye kazi anaweza kubaki alee mtoto wa ukoo, na mjane asiye na kazi arudi kwao. Kwa hiyo huo mkataba wa Lukonde kwangu ndiyo nyumba. Usiniache.

Disketi zipo. Nipe muda kidogo tu. Mvua imeharibu barabara na mtoto ana homa. Na za kwangu nitakuja nazo mwenyewe siku ya kuziunganisha, kama tulivyofanya siku zote.

Wako,
Justa Mshana


Tanga, 9 Desemba 1994

Shemeji,

Muda ninao mchache na wewe unaniambia mvua. Tangu lini boksi la viatu juu ya kabati likahitaji barabara?

Kuna dereva wa lori hapa amenipa salamu zako. Anasema alikuona Hedaru, umeshika disketi mkononi. Hedaru kuna nini? Kama kuna mtu anakudanganya kwamba atazinunua, mwambie vipande vile si vya mtu mmoja. Ni vya timu. Anderson mwenyewe asingependa.

Bwana Amiri ameniuliza leo kama kuna mtu mwingine yeyote mwenye programu hii. Nimjibu nini? Zitume.

Hamdani


Same, 20 Desemba 1994

Mdogo wangu Irine,

Hujambo huko Gonja? Wauguzi wenzio hawajambo? Mimi nakuandikia wewe kwa sababu nikilisema hili kwa mtu mwingine nitakufa kwa aibu.

Hamdani ananidai disketi za Anderson na mimi sina. Ziligawanywa. Siku ya kuanua matanga wazee wa Chome walikaa uani, zikatolewa nguo zake, redio, koti la mvua, kila ndugu akapewa cha kumkumbuka marehemu. Halafu mama mkwe akasema, mbona kitu alichokishika kila siku hakuna aliyekipata? Fanueli akaenda akaleta boksi la viatu. Wakagawana, Irine. Nilikuwa ndani, nimefunikwa kanga, wanawake wamenizunguka. Nilisikia kila kitu na sikutoka. Ningetoka niseme nini, kwamba zile ni programu, kila moja inaitegemea nyingine? Wangesema mjane ameshaanza kuhesabu mali. Wala hawakuwa na nia mbaya siku ile. Walikuwa wanalia.

Nimeshazifuata. Kwa shangazi Dorkas, Hedaru, nilipewa bila neno. Ameishonea kifuko cha kitambaa chekundu, akavua shanga zake za shingoni anipe na hizo, nikakataa, tukalia pale dukani mpaka wateja wakaondoka. Nyingine nimeikuta Chome kwa baba mkwe. Imepigiliwa ukutani chini ya picha ya Anderson, msumari umepita katikati. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kwa fahari. Nilisema imependeza, baba. Nashukuru ile haikuwa na kitu ila barua za ofisi.

Vile vya msingi vyote viko kwenye disketi aliyoichukua Fanueli. Na mimi nikakosea. Nilipoiona mikononi mwake niliitazama kwa tamaa, na Fanueli mjanja, anasoma uso wa mtu kabla hajasema. Akairudisha mfukoni. Akasema, "Kumbe hiki kitu kina thamani, shemeji? Basi tubadilishane. Wewe tia sahihi nyumba ni ya ukoo, mimi nikupe hiki." Nikamwambia hiyo nyumba ina mtoto wa ndugu yako ndani. Akasema mtoto wa ukoo hafukuzwi.

Kumwandikia Hamdani kwamba ukoo wa mume wangu umegawana kazi yetu pamoja na mashati, siwezi. Yeye ni mtu wa mjini, atanicheka. Mbaya zaidi atamwambia Bwana Amiri kwamba huko Same hakuna ofisi, kuna matanga tu.

Nifanye nini?

Dada yako,
Justa


Gonja, 27 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo. Usitie sahihi. Kazi inakuja na kwenda, ukuta wako mwenyewe hauendi popote. Mwandikie Hamdani ukweli wote, na la shati mwambie. Akicheka, acheke. Mficha uchi hazai, na wewe unaficha lisilo na aibu hata kidogo.

Nakuombea,
Irine


Same, 30 Januari 1995

Shemeji Hamdani,

Ninazo. Nimezijaribu kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, zinafunguka, vile vya msingi vyote vimo, hata maneno yake ya mzaha aliyoyaandika pembeni. Usiniulize nimezipataje. Nimezilipia, na nimeshamaliza kulia.

Nimechelewa lakini Januari haijaisha. Nije lini tuunganishe? Nipe siku tu, nitapanda basi.

Justa


Tanga, 6 Februari 1995

Shemeji,

Hongera. Usihangaike kuja, nauli zimepanda na Bwana Amiri hapendi watu wengi ofisini. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitampokea stendi. Na zako za kalenda ziweke humohumo. Mkataba ukiiva nitakuita.

Hamdani


Lukonde, 3 Aprili 1995

Dada Justa,

Salamu nyingi. Ni mimi Hedwiga, karani wa mahudhurio, yule mliyemfundisha kutumia kompyuta enzi za marehemu. Nimechukua anwani yako kwa mtu wa kwenu anayekata mkonge hapa, akaniambia siku hizi uko Gonja kwa mdogo wako.

Nina shida na nadhani ni upande wako. Programu tangu Bwana Hamdani aiweke kwenye mashine mpya, wiki ile kabla ya Krismasi, imekwenda vizuri tu. Lakini sikukuu zote zimebaki za mwaka jana. Watu walioenda kuswali Idi kompyuta imewaandika watoro, na Pasaka nayo imeiweka leo, wakati kanisani bado tuko kwenye Kwaresima. Wakata mkonge wamenijia juu, mimi ndiye wanayemwona dirishani. Marehemu alikuwa akisema kalenda ni ya Justa na kila mwaka anaibadilisha mwenyewe. Mwaka huu umesahau?

Nimemuuliza Bwana Hamdani, akasema atashughulikia. Nilitegemea kukuona mkataba ulipotiwa sahihi Januari, Bwana Amiri alichinja mbuzi. Nikaambiwa umeacha kazi hizi kwa ajili ya msiba. Pole sana, dada.

Wako,
Hedwiga


Gonja, 12 Aprili 1995

Hamdani,

Wiki ile kabla ya Krismasi.

Nimekaa na hayo maneno siku nyingi nikitafuta namna nyingine ya kuyaelewa. Programu haisimami bila vipande vya Anderson. Wewe uliisimamisha kabla ya Krismasi. Mimi vipande vya Anderson nimevitia mkononi mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo ulikuwa navyo. Ulipokuwa ukinifokea kuhusu boksi la viatu, tayari ulikuwa navyo. Na ndani yake ilikuwemo kalenda yangu ya zamani, ndiyo hiyo inayowaita waumini watoro.

Sasa nikwambie nilizipataje, maana nilikwambia usiulize, nawe hukuuliza. Ukoo ulizigawana kwenye matanga. Nimezunguka Hedaru, nimepanda Chome kwa miguu kwenye tope, mtoto mgongoni. Ya msingi alikuwa nayo Fanueli, na bei yake ilikuwa nyumba. Nilitia sahihi mbele ya wazee. Nyumba yangu, Hamdani, uliyobeba mabati yake. Nilisema moyoni, heri nipoteze nyumba nibaki na kazi, kwa kazi nitajenga nyingine. Wiki mbili baadaye nilimpa kondakta wako kila nilichonunua kwa nyumba hiyo, nikamwambia afunge vizuri kisiingie vumbi. Za kalenda nilibaki nazo, nikisubiri uniite.

Ulizitaka za nini? Hili tu ndilo ninalotaka kujua. Niandikie hapa Gonja, kwa Irine.

Justa


Tanga, 2 Mei 1995

Shemeji Justa,

Nimesoma barua yako. Wallahi sikujua habari ya nyumba. Ningejuaje? Uliniandikia mvua, ukaniandikia homa ya mtoto. Neno moja tu la kweli mwezi wa kumi na moja, na leo ungekuwa unalala kwako.

Ndiyo, nilikuwa navyo. Anderson alinipa mwenyewe nilipomtazama hospitalini Moshi, nakala ya kila kitu, vya kwake na vya kwako. Akasema usiambiwe, kwa sababu ungejua anaaga. Hilo ni neno la marehemu, nimelishika.

Kwa nini nilizidai? Bwana Amiri hataki kitu chenye wenyewe wengi. Anataka mtu mmoja, kitu kimoja, nakala zisizozagaa. Angesikia kuna nyingine Same asingetia sahihi na mimi, na mimi nina watoto wanne. Nilipanga mambo yakitulia nikuingize taratibu. Dunia ya sasa si ya msaragambo, shemeji. Ile ya kila mtu na jembe lake ilikufa siku tuliyopunguzwa kazini.

Nitumie kalenda mpya, tafadhali. Nitakulipa.

Hamdani


Same, 10 Julai 1995

Kwa Bwana Hamdani, Tanga.

Salamu kutoka kwa ukoo wa Mshana wa Chome.

Barua yako ya mwezi wa tano uliyomwandikia shemeji yangu umeipeleka kwenye sanduku la posta la marehemu, kwa mazoea nadhani. Sanduku hilo sasa ni langu pamoja na nyumba. Nimeifungua kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa mirathi, nikaisoma kwa wazee, neno kwa neno.

Umeandika kwa mkono wako kwamba mali ya marehemu uko nayo. Umeandika pia kwamba umeitumia kupata mkataba. Sisi wakulima hatujui kompyuta, lakini mjane alitoa nyumba ili apate disketi moja, basi tumefahamu uzito wake. Wewe unazo zote. Hukuja kwenye matanga, hukusema mbele ya wazee kwamba marehemu amekuachia kitu, kama desturi inavyotaka. Kitu cha marehemu kisichotajwa kwenye matanga hakijatolewa.

Tumefungua shauri Mahakama ya Mwanzo, Same, na nakala ya barua hii tumempelekea Bwana Amiri ili naye ajue anafanya kazi na kitu cha nani.

Fanueli Mshana


Tanga, 21 Agosti 1995

Shemeji wangu Justa,

Barua hii nimeituma Gonja, ile ya kwanza nilikosea, na kosa hilo limenifikisha pabaya. Bwana Amiri amesimamisha mkataba mpaka shauri liishe. Anasema akisikia tena neno ukoo ananunua ya Nairobi. Fanueli anadai niliiba kitandani kwa mgonjwa.

Wewe peke yako unaweza kuniokoa. Simama mbele ya hakimu useme Anderson alinipa kwa hiari yake na wewe ulijua. Wewe ni mkewe, wazee hawatakupinga. Nikishinda, nakuapia, jina lako linaingia kwenye mkataba sawa na langu, na nyumba tutaipigania pamoja.

Tulikuwa watatu. Usiwaache watuzike wote.

Hamdani


Gonja, 4 Septemba 1995

Hamdani,

Hati ya kuitwa shaurini nimeipata hata kabla ya barua yako. Nitakuja.

Fanueli naye alinijia wiki iliyopita, akanisomea ile barua yako ya mwezi wa tano. Alipanda mpaka huku na nusu kilo ya sukari. Anataka niseme uliiba, na nikisema hivyo atanipa chumba cha uani, kile tulichokuwa tunawekea mkaa. Nimemrudishia sukari yake. Sitasema uliiba, kwa kuwa sikukuona ukiiba.

Irine ananiambia nikusamehe, nisimame upande wako, nipate kazi. Ananihurumia, maana ananiona nikiamka alfajiri kupalilia tangawizi za watu. Nimejaribu, Hamdani, sikufichi. Nimekaa kitandani nikajisemea yale maneno kwa sauti, Anderson alimpa nami nilijua, nisikie yanavyotoka. Hayatoki. Nikifika kwenye "nilijua" nakumbuka ile barabara ya Chome, tope limenifika magotini, namwambia mtoto tukimaliza hii tutakaa nyumbani kwetu. Mtu anayejua asingepita njia ile.

Unasema uliambiwa usiniambie. Huenda ni kweli. Anderson alikuwa hivyo, akificha ugonjwa kama mtoto anavyoficha sahani aliyoivunja. Lakini Anderson alizikwa Oktoba. Kuanzia hapo hukuwa unamlinda yeye. Ungeniandikia siku yoyote, "Justa, tulia, mumeo ameniachia nakala," ningekuwa shahidi wako wa kwanza. Ningekuja na barua hiyo mkononi, hakimu aisome, wazee wa Chome wangekunja mikeka yao wakaondoka. Mimi nami ningeweza kukuandikia habari ya matanga, na sikuandika. Hilo nimeshalilipia, kila mtu Same anaona bei yake. Wewe ya kwako bado.

Kalenda mpya ninayo. Nimemtumia Hedwiga bila malipo, wale watu warudishiwe siku zao za Idi. Hiyo si kwa ajili yako.

Basi hakimu ataniuliza kama mume wangu alikupa vipande vile kwa hiari yake. Nitasema sijui. Itakuwa kweli, na wewe ndiye uliyehakikisha iwe kweli.

Justa